Fisi na Kete Iliyokuwa Ikimlinda

Mwaka ule jua liliwaka mpaka kivuli chenyewe kikatafuta pa kujificha. Mbuga nzima ilibaki na dimbwi moja, na dimbwi lile lisingetosha ukoo wa Fisi pamoja na ukoo wa Sungura. Mfalme Simba, ambaye hajawahi kukosa jibu hata asipolielewa swali, akaamua wacheze drafti. Atakayeshinda abaki na maji, atakayeshindwa ahame na wanawe.

Fisi alifurahi. Kazi ya drafti ni kula kete za mwenzako, na kwenye kula, nani wa kumfundisha? Wakachora ubao mchangani. Fisi akapanga mbegu za ukwaju, Sungura akapanga vijiwe vyeupe.

Mchezo ukafika katikati, mambo yakabana. Desturi ya mbuga ile ilikuwa kuuzunguka ubao kabla ya kugusa kete, uuone na upande wa mwenzako. Sungura alizunguka kila zamu yake. Fisi aliona huo ni uvivu wa kupoteza muda. Yeye alitazama kitu kimoja tu: zangu chache, zake nyingi. Akawafikiria wanawe wakivuka nyika bila tone la maji, akaogopa kwelikweli.

Basi Simba alipotikisa manyoya ili asifiwe, na wote wakageuka kumsifu kama ilivyo ada, Fisi akadokoa kijiwe cheupe kilichokuwa karibu naye, akakitia shavuni. Kisha akasogeza mbegu ya pembeni kwa adabu zote, utadhani katoka kusali.

Masikini, laiti angezunguka. Kijiwe kile kilikuwa nyuma ya mbegu yake, kikimzibia njia Sungura mwenyewe. Sungura alikuwa akikilaani kimoyomoyo tangu mwanzo.

Zamu ya Sungura ikafika. Akazunguka, akaliona pengo, akaliona na shavu la Fisi lilivyovimba. Akachukua kijiwe cha nyuma, akairuka mbegu ya kwanza, akatua penye pengo, akaruka nyingine, na nyingine tena, mpaka akaingia kingi. Fisi hakubakiwa na kete ya maana.

"Hapo huwezi kutua," Fisi alisema kwa taabu. "Hapo pana kete yako."

"Iko wapi?" Sungura akauliza kwa upole.

Simba akainama, akautazama ubao kwa makini ya asiyeelewa kitu. "Mimi naona pako wazi. Au wewe, Fisi, unajua ilikokwenda?"

Fisi akafungua mdomo, akaufunga upesi, akameza.

Ukoo wake ulihama siku hiyohiyo. Wanawe walipouliza kwa nini, aliwaambia Sungura ni mwizi, nao wakamwamini, maana baba ni baba. Nasi tuliobaki dimbwini tumejifunza jambo moja: hata anayetaka kuiba, aangalie kwanza hicho anachokiondoa kilikuwa kinamzuia nani.