Nati za Bi Nakunda

Nati ya mwisho hukazwa gari likiwa chini. Mmelisikia neno hilo leo kwenye kikao cha posa, mkacheka, mkaulizana posa na magari wapi na wapi. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Bi Nakunda alikuwa amekwisha kuondoka kwake. Alikuwa anateremka mlima wa Upare, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani, na gari linalia. Haukuwa ule mlio wa zamani wa kugonga, kwa maana ule aliuzoea. Huu ulikuwa mpya: gari lilikwaruza kama kitanda cha kamba mgonjwa anapogeuzwa. Tena usukani ukiukata kwenye kona haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa nguvu.

Alikuwa anakwenda hospitali ya bondeni kumchukua mumewe, Mzee Eliamini, aliyevunjika paja kwa kuteleza kwenye mfereji wa shamba la tangawizi. Alikuwa ametiwa chuma. Daktari alimwambia Bi Nakunda, "Mfupa umeanza kushika, mchukueni. Lakini akirushwarushwa njiani tutaonana tena hapa, na mara hiyo sitakuahidi mguu."

Na barabara ile ilikuwa ya mawe na makorongo mwanzo mpaka mwisho. Na gari lenyewe, stesheni wagoni ya kijivu, lilikuwa limechoka miguu ya mbele. Shokapu zilikuwa zimekwisha kutapika mafuta, na mipira ya juu inayozishika kwenye bodi imechanika kama ndala ya mchunga mbuzi. Kila shimo gari lilidumbukiza pua, likagonga, abiria akauma ulimi. Ndipo, kabla ya safari hii, likafunguliwa. Zikatiwa shokapu mpya, mipira mipya ya juu, na bushi mpya, yaani mipira ya viungo, za mikono ya chini inayoshika magurudumu.

Fundi alikuwa Mhando, mume wa binti yake Namsifu, kijana wa Muheza. Bi Nakunda hakuwa amempenda. Siku alipoletwa alimtazama mara moja, akasema, "Huyu nimeshamjua. Anatembea kama mtu asiyekuwa na pa kwenda." Baada ya hapo hakumtazama tena, na hilo halikuwa gumu, maana katika ukoo wao mkwe wa kiume na mama mkwe walikuwa hawatazamani usoni wala kusemezana. Neno lilipitia kwa binti. Walipokuwa chumba kimoja Namsifu alifanya kazi ya posta.

Sasa wote watatu walikuwa ndani ya gari, Mhando nyuma, magoti karibu na kidevu.

"Namsifu," alisema Bi Nakunda, macho barabarani. "Muulize mumeo, ametia shokapu au ametia debe la misumari?"

Namsifu akageuka. "Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni shokapu, tena mpya."

"Anasema ni mpya, mama."

"Hata mimi nina masikio. Mwambie kitu kipya hakilii."

"Hulia," ikaja sauti ya nyuma, "kikibanwa vibaya."

"Nani kakibana?"

Namsifu akatazama kucha zake.

Bi Nakunda akala kiapo moyoni. Kama gari halitafaa kumbeba mume wake, huyu kijana na arudi kwao Muheza leo leo, na Namsifu abaki nyumbani. Wazee wa ukoo wangekuja jioni kumpokea mgonjwa. Angewaambia hapo hapo, waimalize habari yake.

Wakafika chini, kwenye uwanja wa mnada wa mbuzi, palipo tambarare kama sinia. Hospitali ilikuwa inaonekana kule ng'ambo. Bi Nakunda akazima gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe.

"Leo sina nafasi ya heshima," alisema. "Nina mgonjwa. Mhando, nitazame. Sema."

Mhando akavua kofia. Akamtazama kidogo, macho yakakimbilia kwenye gurudumu.

"Nati zilikazwa gari likiwa juu, mama."

"Juu wapi?"

"Nyumbani, juu ya magogo na mawe. Magurudumu yalikuwa yananing'inia, kila kiungo kimejinyoosha, nami nikakibana hivyo hivyo. Sasa uzito umetua. Mipira inataka kukaa mahali pake na haiwezi, imesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo inayolia."

"Na kwa nini ukakaza?"

"Uliniambia nikaze."

"Wewe ndiye fundi!"

"Na wewe ndiye mama."

Namsifu akaangua kicheko, akakifukia kwenye khanga.

Bi Nakunda alikumbuka. Kwake mlimani hapakuwa na tambarare ya kutandika mkeka, ndiyo maana gari lilikalishwa juu ya mawe. Kijana alikuwa amemwambia Namsifu kwamba wakaze kwa kiasi, washuke polepole, wamalizie huku uwanjani. Lakini kabla binti hajafungua mdomo, yeye Nakunda alikuwa amesimama mlangoni akipiga kelele: gari halitoki kwangu nati zikiwa legelege, kaza zote, kaza mpaka zilie! Na mkwe hawezi kumjibu mama mkwe. Akakaza.

"Linatengenezeka?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Linatengenezeka, mama. Ila uingie, ukae pale pale unapokaa siku zote. Gari liujue mzigo wake."

Hapo palikuwa na jambo la kunong'onwa mwaka mzima, mama mkwe kukaa kitini na mkwe kulala chali chini yake. Bi Nakunda akapanda, akafunga mlango. Mhando akanyoosha magurudumu, akalegeza bolti za chini, akafunua boneti na kulegeza zile nati za katikati, juu ya shokapu. Kisha yeye na Namsifu wakalikandamiza gari pua mara kadhaa, likashuka na kupanda, mpaka likakaa.

Mchuuzi mmoja wa Kichaga alisimama na mbuzi wake kutazama. "Wapare! Mmekosa mahakama mpaka mnashtakiana uwanjani?"

"Usiende mbali," Bi Nakunda akamjibu dirishani. "Wewe ndiye shahidi."

Ndipo Mhando akakaza, gari limekanyaga chini kwa miguu yake minne. Bi Nakunda akawasha, akazunguka uwanja, akakata kona mpaka mwisho, akauachia usukani. Ukarudi wenyewe, taratibu. Gari halikusema neno.

Hospitalini Mzee Eliamini alilazwa nyuma juu ya godoro, Mhando akimshikilia mguu. Wakaupanda mlima. Penye makorongo gari lilishuka, likainuka, kama mtu anayepumua. Njia nzima Bi Nakunda alitega sikio kwa kilio cha mumewe, akasikia mkoromo tu. Karibu na nyumbani mzee akafumbua macho.

"Mwanamke, barabara wameichonga lini?"

"Hawajaichonga," alisema, na ikambidi asimame kidogo afute macho ndipo aone njia. "Tumepata mtoto, baba Namsifu. Mshukuru Mungu na umshukuru huyo aliyekushika mguu."

Jioni wazee walikuja. Mmoja, aliyekuwa akijua Bi Nakunda anavyomwona mkwewe, akaanza, "Sasa, habari ya huyu kijana wa Muheza, tuimalize leo..."

"Keti, shemeji," alisema Bi Nakunda. "Mimi nilimkaza angali ananing'inia. Leo nimemwona amebeba mzigo. Nati ya mwisho hukazwa gari likiwa chini."

Akammiminia Mhando chai kwa mkono wake mwenyewe, mbele yao.

Mzee Eliamini alitembea kwa fimbo mpaka mavuno ya tangawizi, kisha fimbo ikawa ya kufukuzia kuku. Mhando alifungua gereji kando ya uwanja wa mnada, na watoto wake wameikuta. Namsifu aliacha kazi ya posta, maana mama na mkwe walisemezana wenyewe mpaka wakawa wanabishana. Gari liliuzwa, likabeba maziwa, likaisha. Mchuuzi hakuonekana tena. Bi Nakunda alizikwa pale mlimani, na Mhando alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Basi kesho mkirudi kikaoni, mtu akiwahimiza kumkataa mchumba kwa kumtazama tu, mwambieni: nati ya mwisho hukazwa gari likiwa chini.