Sungura Wagonjwa wa Nyamizi

Nyamizi alifika mpakani na matenga ya sungura wa kuuza ng'ambo. Daktari wa mifugo, Bwana Kihwelo, aliyekuwa anamwoza binti yake kesho yake, kama mpaka mzima ulivyojua, na nyama ya karamu hajapata, aliwatazama akameza mate.

"Cheti sitoi. Hawa wagonjwa, waache hapa."

"Wapime vizuri basi, daktari. Washike."

Akawapakata mmoja mmoja, akiwapapasa minofu. "Wagonjwa wote!"

"Maskini!" Nyamizi akamwita askari aje na kufuli, akaingia banda la karantini, akatandika mkeka. "Karibu ndani, daktari. Sheria yenu imebandikwa mlangoni: aliyemshika mnyama mgonjwa hatoki mpaka mnyama apone. Ya harusini tutasimuliwa."

Kihwelo akampapasa sungura mmoja tena.

"Kumbe," alisema, akitafuta muhuri, "walikuwa na usingizi tu."