Aliyemtoa Pomboo Bwawani

Hapo zamani, na mtu asinitolee macho, sisemi zamani ya wanyama kuzungumza. Zamani yenyewe ni ya juzi tu, watu washakuwa na simu mifukoni, na baadhi ya waliofanya haya ninayoyasema bado wanakula wakashiba. Ndiyo maana naisimulia na hasira zangu. Anayetaka hadithi ya kumbembelezea mtoto, aende kwa mwingine.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Mwambakuni. Watu wake walikula kwa mwamba. Kila mwaka waliufunga mwamba ule miezi mitatu, pweza asiguswe na mtu, hata mke wa sheha mwenye mimba na hamu zake. Ikifika bamvua ya kufungulia, siku zile bahari hujaa sana na kutoka sana, maji yakitoka kabisa, mtu mmoja huchaguliwa akapewa mchokoo, mti ule wa kuchokolea pweza. Yeye hutangulia, wengine hufuata. Na mwenye mchokoo hakuwa wa pweza tu. Mwaka mzima, neno la bahari lilikuwa lake. Mtu wa nje akitaka lolote baharini, huulizwa yeye. Akisema hapana, ni hapana.

Sasa, palikuwa na mwanamke, Mwanahija, mkulima wa mwani. Mdomo anao, na moyo wa kukaribisha watu anao pia. Siku moja wakaja wageni watatu shambani kwake, maji yakimfika magotini, wakamuuliza kwa adabu, "Bi, eti hapa pomboo wanapatikana?"

"Wanapatikana!" Mwanahija akacheka. "Mie nawajua kama kuku wangu. Wanapita Mlangoni, pale mwamba ulipokatika. Asubuhi ya bamvua, maji yakijaa, mama na watoto wao. Hawaogopi mtu. Hunirushia maji kwa mkia nikifunga mwani wangu."

Akawapa na madafu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao. Ilipofika adhuhuri Mwanahija alikuwa keshawasahau.

Mwaka ule mchokoo ulikuwa kwa Foum, mdogo wake Mwanahija, tumbo moja. Foum alikuwa fundi wa kigumi. Kigumi ni uvuvi wa kelele: watu wanaingia majini, wanapiga maji kwa miti, wanagonga mawe huko chini, samaki wanachanganyikiwa, wanakimbilia wavuni. Hapakuwa na mtu wa kumfikia Foum kwa kigumi. Basi wenye hoteli wakamfuata. Walikuwa wamechimba bwawa, wametoa mfereji kutoka baharini, wametia lango la chuma. Wakamwekea mashine ya boti mpya, ingali katika sanduku lake. Wakamwambia, "Tunataka pomboo wawili tu. Bahari imejaa pomboo."

Foum akaitazama mashine. Akasema ndiyo.

Asubuhi ya bamvua Mwanahija yuko kwenye mwani, akasikia miti inapiga maji kule Mlangoni. Akafurahi! Akawaambia wenzake, "Foum huyo. Leo tutakula samaki changu." Kumbe changu gani. Pomboo watano waliingia, watatu wakaruka wavu wakatoka. Aliyebaki ni mama mmoja, kwa sababu mwanawe hakuweza kuruka, naye hakutaka kumwacha. Wakawaswaga wote wawili mpaka bwawani, lango likafungwa.

Bwawani palikuwa na mfanyakazi, Ndalahwa, mtu wa bara, mtu mzima wa makamo. Kabla ya kazi ile alikuwa hajaiona bahari. Kazi yake ilikuwa kushika ndoo ya samaki na ufunguo wa lango. Amri aliyopewa ni hii: pomboo asiporuka, asile. Mama aliruka siku moja, siku ya pili akagoma. Ndalahwa akasimama na ndoo imejaa, samaki wananuka, na pomboo hajapewa hata mmoja. Mama asipokula, maziwa yanatoka wapi? Siku ya tisa mtoto akafa.

Siku hiyohiyo Mwanahija alipeleka sabuni zake za mwani dukani hotelini. Akapita pembeni ya bwawa. Akamwona mama pomboo anaogelea na mwanawe puani, anamnyanyua juu apate pumzi, mtoto anateleza, anazama, mama anapiga mbizi, anamnyanyua tena. Mara ngapi? Hata Mwanahija aliacha kuhesabu. Na watalii wamekaa kwenye viti, wanapiga makofi. Walidhani ni mchezo!

Jamani, makofi!

Mwanahija akabwaga kapu la sabuni. "Acheni!" akapiga kelele. "Maiti hiyo! Mnashangilia maiti, nyie watu mmezaliwa na nani?" Walinzi wakamshika huku na huku, wakamtoa nje kama mwizi wa kuku.

Hakwenda kwake. Sasa alijua miti ile ya Mlangoni ilikuwa inapigia nini. Alikwenda moja kwa moja kwa Foum, akamkuta anaifuta mashine yake kwa kitambaa.

"Foum."

"Naam, dada."

"Mtoto amekufa."

"Mtoto wa nani?"

"Wa yule uliyemuuza. Mama amembeba puani, watu wanampigia makofi. Na wewe uko hapa unapangusa chuma! Mama yetu angekuwa hai ningemwambia akuapize."

"Dada, sikujua. Ni samaki yule."

"Samaki hanyonyeshi, mpumbavu we."

Mwanahija akatoka, na tangu siku ile hakumwita mdogo wake kwa jina.

Kesho yake akajipanga langoni pa hoteli na wanawake wa mwani, sufuria mikononi. Wakagonga sufuria tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kesho yake tena. Na kesho yake. Sheha akaja, akawaambia mikono yao mifupi, hawawezi kushindana na wenye hoteli, mkono usioweza kuukata ubusu. Mwanahija akamjibu, "Busu weye, una midomo ya kazi hiyo." Polisi wakaja, wakawasukuma. Mwani ukaoza kwenye kamba, maana wenye kuuvuna walikuwa langoni. Sauti ya Mwanahija ikakauka, akabaki anatoa mkwaruzo, na mkwaruzo huo huo akautumia.

Siku ya thelathini na kitu likaja lori. Sanduku refu mgongoni, maturubai, na watu wa kupakia. Pomboo alikuwa anapelekwa nchi za mbali kwa ndege, akachezeshwe huko. Mwanahija akatandika kanga yake njiani, akalala mbele ya gurudumu. Wenzake wakalala pembeni yake. Dereva akapiga honi, akatukana, akarudisha lori nyuma kidogo akalileta tena, tairi likakanyaga pindo la kanga. Mwanahija hakuondoka. Watu wakapiga picha, picha zikafika mjini, na jioni ile afisa wa mahakama akaja na karatasi: kesi imefunguliwa mjini, pomboo asihamishwe mpaka isikizwe.

Hapo Mzee Mcha, mwenyekiti wa kamati ya mwamba, akasema mbele ya watu wote: "Foum ameuharibu mchokoo. Namvua. Kamati imekubaliana: atakayemtoa pomboo yule bwawani, ndiye atakayefungua mwamba." Akasema hivyo, na ulimi hauna mfupa. Laiti angejua.

Kesi haikusikizwa. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Pomboo akakonda, ngozi ikaanza kumbambuka mgongoni. Ndalahwa kila siku yuko na ndoo yake, na kila siku, mlinzi akigeuka, alikuwa anamtupia samaki bila kuruka. Ikaingia bamvua, asubuhi, maji yakajaa mpaka mferejini. Ndalahwa akautazama ufunguo mkononi. Akafungua lango la chuma. Ufunguo akautupa baharini ili lisifungwe tena.

Pomboo hakutoka.

Alizunguka palepale alipozama mwanawe, anazunguka, anazunguka. Lango liko wazi na bahari anaisikia. Ndalahwa akamsihi kwa Kisukuma, akamsihi kwa Kiswahili, akaingia majini na nguo zake, wapi! Walinzi wanakuja mbio. Mwanahija na wanawake wako nje ya ua, wanaona, wanalia, hawawezi kitu.

Ndipo Foum akatokea kwa upande wa nyuma na watu wake wa kigumi na miti yao. Wakaruka ua. Mashine yake ya boti keshaitupa mlangoni mwa hoteli, sanduku na yote. Wakaingia bwawani nyuma ya pomboo, wakapiga maji. Kelele ileile iliyomwingiza. Yule mama akatetemeka, akageuka, akakimbia kwa woga, akaupita mfereji, akafika Mlangoni, huyoo, baharini.

Ndalahwa akawekwa ndani siku saba, kazi ikaisha. Foum akapigwa na walinzi mpaka jino likatoka. Mwanahija hakuweza hata kupiga kigelegele, sauti hakuwa nayo.

Mngedhani imeisha hapo. Haikuisha. Kila bamvua, maji yakijaa, yule mama hurudi. Huja mpaka kinywani mwa mfereji, huzunguka, anamtafuta mwanawe. Na wenye hoteli wametia lango jipya, na wameliacha wazi makusudi, wanamngoja kama mtu anavyongoja nazi ianguke. Wamepeleka ombi kijijini, kwa adabu zao zilezile: wataka ruhusa ya mwenye mchokoo, wafunge tu, basi. Mwenye mchokoo akisema ndiyo, pomboo amekwisha. Akisema hapana, mfereji utazibwa kwa mawe.

Ikafika siku ya kufungua mwamba. Maji yametoka, pweza wanasubiri, kijiji kizima kiko mchangani. Mzee Mcha akauweka mchokoo chini. "Aliyemtoa pomboo, aje auchukue."

Wakatoka watatu.

Ndalahwa akasema, "Wazee wangu, mimi si mtu wa hapa. Lakini lango lilifunguliwa na mkono huu, wala si mwingine. Nimefungwa kwa ajili yake. Sina kazi, sina nauli ya kurudi kwetu. Kama si mimi, Foum angepiga maji mbele ya chuma."

Mwanahija akamgeukia. Sauti yake ilikuwa bado ya mkwaruzo. "Na ndoo je? Aliyesimama na samaki tele huku mwenye kunyonyesha ana njaa, nani? Siku ya tisa ufunguo hukuwa nao?"

"Nilikuwa nao," Ndalahwa akasema. Akatazama chini.

Foum akasema, "Lango lilikuwa wazi na hakutoka. Mmeona wenyewe. Aliyemtoa ni mimi, kwa kigumi changu. Mashine nimeirudisha, jino nimelitoa."

"Weye!" Mwanahija akamrukia. "Weye unathubutu? Moto uutie weye, halafu udai ujira wa kuuzima? Ulishika mchokoo huu huu ukasema ndiyo. Kile kigumi kilichomtoa ndicho kilichomuua mwanawe. Wenzangu, mie ndiye niliyelala chini ya tairi. Kama si mie, siku mnafungua lango bwawa lingekuwa tupu, pomboo yuko nchi za watu anarukia mpira. Mie sikupewa mashine. Mie sikushika ndoo. Mikono yangu haina kitu. Nipeni mchokoo!"

Wanawake wa mwani wakapiga vigelegele. Mzee Mcha akainama auokote ampe.

"Dada," Foum akasema, polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumjibu. "Mie nilikuwa najua kupiga maji tu. Siku wala saa ya pomboo nilikuwa siijui, nilikuwa mtu wa changu. Wenye hoteli ndio walionambia: Mlangoni, asubuhi ya bamvua, maji yakijaa, mama na watoto. Nikawauliza mmejuaje? Wakanambia, kuna bibi mmoja mkarimu, alitupa na madafu."

Vigelegele vikakatika.

Mwanahija akafungua mdomo. Alitaka kutukana, na tusi alikuwa nalo, lakini safari hii hakujua amtukane nani. Akawaona wale wageni watatu kwenye maji ya magoti, wanakunywa, wanashukuru. Akakumbuka alivyocheka. Akakumbuka alivyosema leo tutakula changu.

"Sikujua," akasema.

"Hata mie nilisema sikujua," Foum akajibu. "Ulikataa."

Mwanahija akaanza kulia, kwa hasira, anajipiga paja. Akasema, "Basi nisipewe! Lakini asipewe huyu, wallahi asipewe huyu, atasema ndiyo tena!" Foum akaapa kwa kaburi la mama yao kwamba hatasema. Ndalahwa akasema yeye angeyabeba mawe ya kuziba mfereji kwa mikono yake, hata wakimfunga mara ya pili. Na wote watatu waliaminika, na wote watatu walikuwa wameshaaminiwa kabla ya hapo, na mtoto wa pomboo amefukiwa kwenye shimo la taka la hoteli.

Kwa desturi ya Mwambakuni, maji yakirudi kabla mchokoo haujashikwa, mwamba unabaki umefungwa, na bahari haina wa kuisemea. Na maji yalikuwa yameanza kurudi. Mzee Mcha yumo katikati, mchokoo mkononi. Huko mbali, kwenye mfereji, watu wa hoteli wameshaanza kupakia nyavu.

Haya, mie nimemaliza kusema, na nyie mnaojua kulaumu wenzenu mkiwa mmekaa, semeni. Yupo aliyefungua lango, na ndiye aliyeshika ndoo. Yupo aliyempiga maji akatoka, na ndiye aliyempiga maji akaingia. Yupo aliyelaza mwili wake mbele ya lori, na ndiye aliyewaonyesha njia. Msiniambie hakuna, maana mkisema hakuna, mmewapa wenye hoteli. Maji yamefika vifundoni. Je, nani alistahili mchokoo?