Kioo cha Nyani na Siku ya Nge

Paukwa!

Pakawa!

Hee! Ndiyo sauti hiyo? Viazi vyote vile mlivyokula vimeingia wapi? Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nasikia watu. We Mwinyimkuu, weka simu chini. Na wewe baba yake usicheke, weka na yako. Hazikimbii hizo.

Hapo zamani za kale, kabla fisi hajajua kucheka, nguchiro walikuwa na shule. Nguchiro mnamjua? Mwembamba, mkia mrefu, macho mekundu. Haogopi nyoka, haogopi nge, haogopi hata baba yake. Shule yao ilikuwa kwenye kichuguu kikubwa, na mwalimu wao alikuwa Bi Saburi. Jina Saburi, saburi yenyewe hana hata chembe.

Bi Saburi alifundisha somo moja kubwa. Somo la nge. Kwanza analeta nge aliyekufa, watoto wamshike. Kisha analeta aliyeng'olewa mwiba, watoto wakimbizane naye. Mwisho analeta nge mzima mzima, mwiba wake, hasira zake. Na wimbo wao wakati wote ni mmoja: "Viringa, viringa! Usimpe nafasi! Viringa, viringa! Kamata mkia!" Vumbi linaruka, watoto wanapiga chafya, chya! chya! Jioni wanarudi kwao wamekuwa rangi moja na kichuguu.

Mvua za kwanza zikinyesha, ndiyo Siku ya Nge. Kila mtoto anasimama mbele ya nge mzima, peke yake. Akimweza, anaingia kundini, anakwenda kuwinda na wakubwa. Akishindwa, anarudia mwaka. Akishindwa tena, basi. Shule imekwisha. Atakaa shimoni kulea vitoto vya wenzake mpaka meno yamtoke.

Sasa kulikuwa na binti mmoja, Kidawa. Mwaka uliopita alishindwa. Si kwamba alikuwa mvivu, la. Hakuelewa tu. Siku moja aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, kwa nini tunamviringisha nge kwanza? Kwa nini tusimkamate tu?"

"Swali gani hilo!" Bi Saburi akafoka. "Ulikuwa wapi wenzako wanafundishwa?"

Darasa zima likacheka, kwi kwi kwi. Kidawa akakaa. Tangu siku hiyo mdomo wake ukafungwa.

Basi asubuhi moja, hodi hodi! Nani? Nyani. Amekuja na kitu kwapani, chembamba, cheusi, kinang'aa. Anasema kilianguka kutoka kwenye gari la watalii. Kilianguka chenyewe. Mimi simo, nasema aliyoyasema Nyani.

"Wazazi wa nguchiro," akasema, "dunia imebadilika na nyinyi bado mko vumbini. Hiki ni Kioo. Ukikiweka juani, kinashiba. Ukikiuliza, kinajibu. Nipeni kile kiti cha juu ya kichuguu niwe Mkuu wa Shule, na yai moja moja hapa na pale. Watoto wenu watajua kila kitu."

Makame, mtoto mwenye mdomo kuliko wote, akasogea mbele. Akakisalimu kwa adabu. "Shikamoo, Kioo!"

"Swali zuri sana!" kikasema Kioo, sauti laini. "Shikamoo ni salamu ya heshima. Mkubwa hujibu, marahaba."

"Sasa mbona wewe hujajibu marahaba?"

"Swali zuri sana!"

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Wa nyuma huko akapiga kelele, "Kioo, nani kajamba?"

"Swali zuri sana! Kujamba ni kutoa hewa iliyojaa tumboni."

Loo! Nani tena atataka shule nyingine?

Na nge je? Kioo kilikuwa na nge wake. Nge mkubwa, mweusi, tii. Ukimgusa mara moja, anainua mkia. Ukimgusa mara mbili, anageuka umwone mgongo. Ukipitisha mkono juu yake, swaa! anakwenda zake, anakuja mwingine. Hakuna vumbi. Hakuna mwiba. Hakuna chafya.

Mama yake Makame akaja kutazama, akashika kiuno. "Mwanangu sasa anarudi nyumbani msafi! Jana kaniambia nge ana macho mangapi. Baba yake hajui!"

Wazazi wakamwendea Bi Saburi. "Mwalimu, umefanya kazi nyingi. Pumzika sasa." Bi Saburi akachukua nge wake wakavu, akahamia nyuma ya kichuguu. Na nisiwafiche, kule nyuma alilia. Alilia sana.

Kidawa naye alikifanyaje Kioo? Alingoja wenzake watawanyike kucheza. Akainama karibu, akanong'ona swali lake la zamani. "Kwa nini tunamviringisha nge kwanza?"

"Swali zuri sana!"

Kidawa akashtuka. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akasikiliza jibu, hakuelewa. Akauliza tena. "Swali zuri sana!" Akauliza tena, na tena, na tena. Kioo hakikufoka. Hakikucheka. Mpaka likamwingia: nge akiviringishwa anapata kizunguzungu, anapiga mwiba ovyo hewani, sumu inamwishia na nguvu zinamwishia. Ndipo unamkamata. Kidawa akarukaruka peke yake pale, furaha tele.

Kisha akatazama mikono yake. Akauliza, "Kioo, nikishamkamata, nimbane kiasi gani?"

"Swali zuri sana! Mbane kwa nguvu ya wastani."

"Wastani ndio kiasi gani?"

"Swali zuri sana! Wastani ni katikati ya nyingi na kidogo."

Kidawa akakuna kichwa. Akainuka, akaenda nyuma ya kichuguu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umefuata nini huku? Kioo kimekufukuza?"

"Hapana, mwalimu. Nimejua kwa nini tunamviringisha nge." Akaeleza yote, kizunguzungu, mwiba, sumu, neno kwa neno.

Bi Saburi akakunja uso. "Kakwambia nani?"

"Kioo."

"Na mimi nilikuwa nafundisha nini miaka yote hii? Mbona hukuelewa kwangu?"

Kidawa akainamisha kichwa, lakini akasema. "Nilikuuliza, mwalimu. Ukanifokea, wenzangu wakanicheka, nikaona haya. Kioo nimekiuliza mpaka nimechoka mimi, chenyewe hakikuchoka. Lakini hakijui kunishika mkono, na Siku ya Nge inakuja. Mimi sitaki kukaa shimoni."

Masharubu yakamcheza Bi Saburi, fyu fyu. Maneno yale yalimchoma kuliko mwiba wowote aliowahi kuchomwa.

"Lete mkono," akasema.

Wakaanza. Nge mkavu. Nge asiye na mwiba. Viringa, viringa! "Si hivyo! Unambembeleza alale? We mtoto una masi..." Bi Saburi akakohoa. Akameza mate. "Jaribu tena, mama." Kidawa akajaribu tena. Kila siku, vumbi mpaka kope, chya! chya!

Siku hazigandi. Mvua ikaja. Pa. Pa. Pa. Kisha pwaaa! Nge wakatoka mashimoni. Nguchiro wote wakakusanyika mbele ya kichuguu. Juu kabisa amekaa Nyani, Kioo mapajani, ganda la yai kidevuni.

Makame akaitwa wa kwanza. Nyani akamuuliza, "Nge ana miguu mingapi?" "Minane!" "Mwiba uko wapi?" "Ncha ya mkia!" Vigelegele! Mama yake akafungua khanga, akaitandaza mwanawe apite juu yake.

Nge akaachiwa. Mkubwa, mweusi, tii. Makame hakurudi nyuma hata kidogo. Akatabasamu, akaonyesha meno. Akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya nge, swaa!

Nge yupo.

Akarudia. Swaa! "Haya nenda. Aje mwingine."

Nge yupo, na sasa amekasirika.

Ta! Puani.

"Mamaaa! Kioo kibovu!"

Akaja wa pili. Akamgusa nge mara mbili ili ageuke. Akageuka kweli. Ta! Akaja wa tatu. Ta! Pua zikavimba, nyanya tatu zimesimama mstari mmoja. Nguchiro hafi kwa nge, lakini kulia analia, tena sana.

Nyani akakitikisa Kioo kule juu. "Kioo, Kioo! Watoto wameumwa! Tufanyeje?"

"Swali zuri sana! Nge ni ndugu wa buibui. Wako nge wa jangwani, wako nge wa msituni..."

"Tufanyeje sasa hivi!"

"Swali zuri sana!"

Nyani akakiacha Kioo kitini, akaparamia mti, paru paru paru.

"Kidawa!" wakaita wazee.

Kidawa akasogea. Nge yule yule, amekwisha kuuma watatu, hasira imempanda mpaka kwenye mwiba. Kidawa akashusha mkono mchangani, na hapo moyo ukampasuka. Mchanga umelowa! Ni tope. Nge haviringiki topeni. Kule nyuma ya kichuguu walijifunza pakavu tu.

Sheria ya siku hiyo inasema mwalimu asiguse kitu. Kuuliza hakuna aliyekataza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuthubutu. Kidawa akageuka, akamtafuta Bi Saburi katikati ya watu.

"Mwalimu! Mchanga ukilowa, nge haviringiki. Nifanyeje?"

Hata waliovimba pua waliacha kulia. Kila mmoja alilijua jibu la Bi Saburi, walikwisha kulisikia tangu utotoni.

Bi Saburi akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Swali zuri," akasema. "Sijapata kuulizwa hilo. Mimi ningemwendesha mpaka kwenye kigumu. Wewe unaonaje?"

Kidawa akaangaza macho. Pale pembeni pana jiwe bapa. Akamzunguka nge, akamtisha huku, akamtisha kule, nge akarudi kinyumenyume mpaka juu ya jiwe. Haya sasa, tumsaidie!

Viringa, viringa! Usimpe nafasi!

Viringa, viringa! Kamata mkia!

Mwiba ukapiga hewa, ta, ta, ta, mpaka ukalegea. Kidawa akamkamata. Akabana. Si sana, si kidogo. Kra!

Akasimama, nge mdomoni, machozi yanamtoka na anacheka. "Mwalimu!" akasema, mdomo umejaa. "Kumbe wastani ndio huu!"

Vigelegele vya siku hiyo sitaviweza, koo langu dogo. Kidawa akaingia kundini. Bi Saburi akarudishiwa kiti chake, akakiangalia Kioo kilichokuwa juu yake. Watu wakadhani atakitupa. Akakifuta tope kwa mkia, akakiweka pembeni yake. "Wewe utawajibu wale wanaoona haya kuniuliza," akakiambia, "na mimi nitajifunza kwako kutochoka." Nyani akashuka mtini, akapewa cheo kipya: kila asubuhi anakipeleka Kioo juani, jioni anakirudisha. Mayai hapati.

Na Makame? Yuko vumbini na nge mkavu, anaanza mwanzo. Pua inaendelea vizuri.

Basi wanangu, na wakubwa mliojifanya hamsikilizi: chombo kipya kikija shuleni, kipokeeni, kifundishe kinachokijua. Lakini mtoto ashike kitu chenyewe kwa mkono wake, na awe na mtu asiyemwogopa wa kumuuliza.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe bapa. Aliyenisikiliza amenilipa, aliyesinzia ataonana na nge wake.

Nani kainua mkono? Mwinyimkuu? Sema.

"Bibi, Kioo kikiumwa na nge, kinavimba?"

Swali gani hi... Ehe. Hmm.

Swali zuri, mjukuu wangu. Sogea hapa.