Uliyemtuma Maji

Uliyemtuma maji, usimwite njiani.

Mliisikia jana kwa mwenyekiti wa kijiji, mlipotaka kumpigia simu Righa arudi kutoka mjini aje kucheza mpira, ilhali tumemtuma kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya watoto kumi na wawili. Mwenyekiti aliwaambia maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni babu yupi aliyeyasema kwanza. Hakuna babu wa kale hapo. Si kila methali ina mvi. Hii imezaliwa nikiwa mtu mzima, hapa hapa Kirumbi, na kosa lililoizaa ni langu. Nitawasimulia, ila mikono yenu iendelee kupukuchua hayo mahindi, maana masikio hayahitaji vidole.

Ilivyoanza ni hivi. Sisi tuko juu ya mlima, na chemchemi kubwa iko kwetu. Tangu kabla sijaolewa, bomba la chuma liliyachukua maji ya chemchemi hiyo na kuyateremsha mjini, kule kwenye tambarare. Lilipita nyuma ya jikoni langu, na upande wetu wote halikuwa na mfereji hata mmoja. Ukiinama ukaweka sikio juu yake, ulisikia maji yakienda mbio kwa watu wengine, nawe una mtungi mtupu mgongoni na safari ya saa nzima hadi kijito cha Msorongo, ambako ng'ombe wameshakutangulia. Nililichukia bomba lile kuliko nilivyopata kumchukia mtu yeyote.

Bunge la kaunti lilipoanzishwa, tukaambiwa kila wadi ichague mjumbe wake. Wanaume sita walijitokeza. Huyu aliahidi lami, yule uwanja wa michezo, na mmoja hospitali ya ghorofa, sijui angeijenga kwenye mteremko upi. Wa saba alikuwa mwanamke, Mshai Kilelu, fundi cherehani aliyeshona sare za shule pale sokoni. Hakuwa na gari wala kipaza sauti. Alituita nyuma ya jikoni langu, akasimama kando ya bomba, akasema, "Mimi sina mengi. Nitumeni maji."

Tukamtuma. Mama yake mzazi, Mama Saru, ambaye miguu ilikuwa haimbebi tena, alibebwa kwenye kiti mpaka kituo cha kupigia kura.

Kumtuma tulimtuma, lakini hatukumwacha aende. Bunge lilikaa mjini Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na kutoka huku hadi mjini wakati ule ni saa nne kama mvua haijanyesha. Mazishi yetu nayo hayakuchagua siku. Huku kiongozi hupimwa makaburini. Akionekana akitia udongo, ni mtu wa watu. Asipoonekana, ametusahau, ameshanenepa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na namba ya Mshai ilikuwa kwenye simu yangu. Mbuzi wa huyu wamekula mihogo ya yule: Mama Majala, mpigie Mheshimiwa. Kuna posa, kuna ubatizo, kuna mkutano wa wazazi: mpigie Mheshimiwa. Nilipiga. Na msinidhanie mema, nilifurahia kupiga. Mtu mkubwa kuitwa nami akaja, niliona nimeongezeka kimo.

Mwaka wa kwanza wote Mshai alipanda na kuteremka mlima huu. Katikati ya safari hizo aliandika hoja yake. Haikuwa ndefu: bomba litobolewe mahali patatu, kuwe na mifereji mitatu kabla maji hayajaondoka kwetu. Wajumbe wa mjini hawakuitaka, wakihofia mifereji yao itakauka. Alikwenda kwao mmoja mmoja na mhandisi wa maji, akiwaonyesha kwamba chemchemi inatutosha sote na maji mengine yanamwagika bure. Baada ya miezi kumi na moja hoja ikapangiwa siku. Jumatano.

Jumanne yake tulikuwa tunapanga mazishi ya Mzee Nyambu, mtu wa ukoo mkubwa, na wakubwa wa ukoo wakaniambia nimpigie Mheshimiwa. Nikapiga.

"Mama, kesho siwezi," akasema. "Hoja ya maji inaitwa kesho."

"Hoja ni karatasi," nikamwambia. "Karatasi haiozi. Maiti je?"

"Mama, nimeingoja mwaka mzima."

"Basi baki nayo. Lakini watu wa Nyambu ni kura mia tatu, na ukija kutuomba tena usipite kwangu."

Akasema, "Nakuja."

Alikuja, akatia udongo, na watu wakasema kweli huyu ni mtu wa watu. Saa ile ile, kule bungeni, Spika aliita hoja ya mjumbe wa Kirumbi mara ya kwanza na ya pili. Kiti kitupu. Kwa kanuni zao, hoja isiyo na mwenyewe huanguka, na ikianguka haisimami tena mpaka miezi sita ipite.

Jioni redio ikatangaza kwamba mjumbe wa Kirumbi amekosekana hoja yake mwenyewe ilipoitwa. Ndugu zangu, watu walimsema Mshai hadi ukamwonea huruma. Walisema amelala hotelini, walisema amehongwa na watu wa mjini. Wale wale waliomwona kaburini mchana walisema hivyo. Mkutano ukaitishwa pale sokoni, naye akasimama akatukanwa, na kunitaja hakunitaja. Mimi nilikuwa mstari wa mbele nikiangalia vidole vya miguu yangu. Nilijua, na nilinyamaza.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Msorongo ulikauka, tukachimba mchangani na kugombania tope na ng'ombe. Mjukuu wangu Dali, huyu huyu mnayemwona sasa anakimbia kama swala, alilazwa wiki tatu kwa homa ya matumbo. Kila siku nilipita kando ya bomba nikienda kumwona hospitalini, na kila siku nilijua kwamba ni mimi niliyemrudisha njiani mtu aliyetumwa kutuletea maji. Haya hayakuwa mambo ya kumwambia mtu, nikayabeba mwenyewe.

Mshai hakukata tamaa. Miezi sita ilipoisha aliandika hoja ile ile, neno kwa neno, akaanza upya kuwazungukia wajumbe. Ilikuwa kazi ngumu mara mbili, kwa sababu sasa walimwona mtu asiye na msimamo. Mmoja wa mjini alimwambia waziwazi, "Safari hii nitakuunga mkono. Ukikosa tena, hata ukinisalimu sitaitika." Siku ikapangwa. Jumatano tena, saa nane na nusu mchana.

Jumatatu ya wiki hiyo Mama Saru akafariki.

Mshai alifika siku ile ile. Alilia kama mtoto anavyomlilia mama, sina namna nyingine ya kulisema. Baba yake mdogo, Mzee Mwasaru, ndiye aliyesimamia mambo ya ukoo, naye akatangaza kwamba mazishi ni Jumatano saa nane mchana. Jumanne asubuhi, sote tumeketi uani, Mshai akamwomba yasogezwe hadi Alhamisi.

"Haiwezekani," akasema Mzee Mwasaru. "Ndugu wametoka mbali, ruhusa zao kazini zinaisha. Mchungaji ameshapangiwa. Na mzazi hawekwi ndani akingoja mambo ya bunge."

"Baba mdogo, ni siku moja tu."

"Wewe ndiye kitinda mimba wake. Udongo wa kwanza ni wako. Ukiondoka, nani atautia? Watu watasema tumemzika kama mgeni."

Gari lililomleta lilikuwa bado barabarani, dereva akingoja kuambiwa. Mwishowe akasema, "Sawa, baba mdogo. Nitabaki." Akaniambia nimtume mtu amweleze dereva aondoke.

Nilisimama. Nikasema, "Kabla sijamtuma mtu, nisikilizeni. Mwaka jana hoja ilipoanguka, Mshai hakulala hotelini. Alikuwa hapa, kwenye mazishi ya Mzee Nyambu. Alinikatalia kwenye simu, nikamtisha kwa kura mpaka akaja. Mlimtukana sokoni nami nikakaa kimya. Lile tope tulilokunywa, nililikoroga mimi."

Nilitamani mtu anitukane, ingekuwa nafuu.

Ndipo Mzee Kilelu, mfiwa mwenyewe, baba yake Mshai, akainua kichwa. Tangu mkewe afariki alikuwa hajasema na mtu. Alimwuliza ndugu yake, "Mwasaru, watoto wako wakienda kisimani, huwa unawaita warudi kabla hawajachota?"

"Siwaiti. Kwa nini niwaite?"

"Ukiwaita watarudi na nini?"

"Na mitungi mitupu."

"Basi uliyemtuma maji, usimwite njiani," akasema Mzee Kilelu. "Na huyu hatukumtuma sisi peke yetu. Marehemu naye alimtuma, tena amebebwa kwenye kiti." Akamgeukia binti yake. "Nenda, mwanangu. Kaburi la mama yako utalikuta hapa. Hoja hutaikuta."

"Baba, nitamwacha mama?"

"Mimi nipo. Nimekaa naye miaka hamsini na mbili, siku moja zaidi haitanishinda. Nenda."

Mzee Mwasaru alisimama akaondoka uani, amekasirika, na sikumlaumu. Yeye alishika desturi, na desturi haikuwa na ubaya. Mshai alifunga leso yake kiunoni, akampa baba yake mkono, akaenda zake barabarani. Hakugeuka nyuma. Nadhani angegeuka asingefika kwenye gari.

Jumatano tulimzika Mama Saru. Wageni walinong'onezana, wakiuliza binti yuko wapi, yule mheshimiwa. Udongo wa kwanza Mzee Kilelu aliutia mwenyewe. Vijana walipokuwa wakifukia, simu yangu ikalia. Nilizoea kumpigia Mshai, yeye hakuwa na kawaida ya kunipigia. Nilijitenga kidogo nikapokea.

Yaliyotokea kule alinieleza baadaye. Waliposema ndiyo na siyo kwa sauti, Spika hakuweza kujua upande upi umeshinda, ikabidi wajumbe wainuke wahesabiwe, wa ndiyo mkono wa kulia, wa siyo mkono wa kushoto. Kumi na sita wakaenda kulia, kumi na watatu kushoto. Yule wa mjini alikwenda kulia. Lakini kwenye simu Mshai aliniambia maneno mawili tu, "Mama, imepita," kisha akashindwa kuendelea.

Nikamwendea Mzee Kilelu nikamwambia sikioni. Alitikisa kichwa kukubali, akawaambia vijana wenye majembe, "Acheni hapo. Pamebaki pa mtu." Kaburi likaachwa na shimo dogo upande wa kichwani, na watu wakatawanyika.

Mshai alifika Alhamisi asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi. Tulikuwa tumeketi na mfiwa. Wa kwanza kumwendea alikuwa Mzee Mwasaru, na sote tukaogopa.

"Umeleta?" akamwuliza.

"Nimeleta, baba mdogo."

Mzee Mwasaru akachukua jembe, akamtangulia kaburini, akaulainisha udongo uliokuwa umeshika kwa umande, kisha akasogea pembeni. Mshai akapiga magoti akaujaza ule upande wa kichwani kwa mikono yake, taratibu, hadi ukawa sawa. Tulilia wote, hata wale waliosema amehongwa.

Mifereji haikuja kesho yake. Mafundi walichukua miezi saba, na mara tano Mshai aliwafuata ofisini kwao. Siku walipotoboa bomba nyuma ya jikoni langu, maji yaliruka yakatulowesha sote, na hakuna aliyekimbia.

Tangu hapo, Jumanne, Jumatano na Alhamisi hapakuwa na mtu Kirumbi aliyempigia Mshai simu, awe na posa, awe na msiba. Namba nilikuwa nayo, na kidole nilikizuia. Tulimchagua mara ya pili. Katika miaka yake bungeni alileta daraja la Msorongo, na sheria ya kuzuia ukataji wa miti karibu na chemchemi, na mazishi aliyoyakosa sikuyahesabu.

Mwaka wa mwisho wa kazi yake tulimzika mume wangu, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Akaja mtu wa wadi jirani, mtu mnene wa maneno, akasimama mlangoni kwangu akiangaza huku na huku. "Mjumbe wenu yuko wapi?" akaniuliza. "Wetu haachi hata msiba mmoja. Ninyi mna mjumbe gani asiyeonekana hata kwa Mama Majala?"

Sikukasirika. Nilimwuliza kwao wanachota wapi maji. Akasema mtoni, mwendo wa saa moja na nusu. Nikachukua kikombe, nikaenda nyuma ya jikoni, nikafungua mfereji, nikamletea. Nilimsubiri anywe mpaka tone la mwisho, ndipo nikamjibu:

"Uliyemtuma maji, usimwite njiani."