Chumba Kisicho na Kiwanja

Mwashi mmoja alikuwa na mabinti wawili na uchochoro katikati yao. Katika mji wake wa mawe, binti haozwi bila nyumba, kwa hiyo aliwajengea nyumba mbili za matumbawe zinazotazamana: ya Mwanatumu, binti mkubwa, upande mmoja wa njia, na ya Shamsa, mdogo wake, upande wa pili. Alipomaliza alikuwa amebakiwa na mawe na boriti za kutosha chumba kimoja, cha yeye na mkewe. Kiwanja hakikubaki.

Basi akakijenga hewani. Aliziacha kuta za nyumba zote mbili kiangazi kizima chokaa ikauke, kisha akalaza boriti za mkoko juu ya njia, ncha moja ndani ya ukuta wa Mwanatumu, ncha nyingine ndani ya ukuta wa Shamsa, na juu yake akapandisha chumba chenye madirisha mawili na milango miwili, kila mlango ukiingia nyumba ya binti mmoja. Watu wa kule huita chumba cha namna hiyo wikio. Punda walipita chini yake na mizigo yao. Majirani walicheka wakasema ni mtu gani huyu anayelala pasipo na ardhi, lakini wageni waliofika mjini walisimama wakainua shingo.

Mwashi alikufa akiwa amelala mle. Mkewe akabaki peke yake, akazeeka, miguu ikakataa ngazi. Mabinti wakagawana zamu, juma hili mmoja, juma lijalo mwingine: chakula, maji ya kuoga, nguo za kufua.

Zamu ni jambo jema kwa muda. Lakini Shamsa alikuwa na watoto watano na biashara ya maandazi inayomwamsha kabla ya alfajiri, na Mwanatumu alikuwa na goti bovu na mume asiyeweza hata kuchemsha maji. Walichoka. Mtu aliyechoka huanza kumtazama mwenzake anafanya nini.

Mwaka mmoja sikukuu ya Idd iliangukia katikati ya juma. Siku hiyo walipika pamoja, na baada ya hapo kila mmoja aliamini zamu ni ya mwenzake. Mama yao alishinda kutwa kwa tende tatu na chai ya jana iliyobaki kwenye chupa. Hakuita mtu. Mjukuu ndiye aliyegundua, na jioni ile madirisha mawili yalisemezana juu ya njia.

"Dada, wiki hii si yako?"

"Yangu ilikwisha Alhamisi. Wewe huhesabu siku, unahesabu maandazi."

"Na goti lako, dada, mbona linauma siku za zamu tu?"

Kila neno lilipita chini ya chumba cha mama yao, naye hakuwa kiziwi.

Haukupita mwezi, Shamsa akaona ufa ukutani kwake, pale pale boriti za wikio zilipoingia. Ulianza kama uzi, ukawa wa kuingiza ncha ya kisu. Akasema chumba kile kinamvunjia nyumba. Alipovuka kumwambia dada yake, alitarajia ugomvi. Mwanatumu akanyanyua kalenda iliyoning'inia ukutani kwake, na nyuma yake palikuwa na ufa wa namna ile ile. Wakatazamana. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walikubaliana jambo: chumba kiondolewe, boriti zikatwe, milango izibwe kwa mawe, kila mtu abaki na ukuta wake.

Walipopanda kumweleza mama yao, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kukunja kanga zake, moja moja, akizipanga sandukuni.

"Nishukie mlango upi?" akauliza.

Hilo hawakuwa wamelizungumza. Shamsa alisema anahofia maandazi yataungua, na Mwanatumu akamfuata nyuma.

Asubuhi alikuja fundi Shee, mtu wa maneno machache, na msumeno wake. Kabla ya kuugusa, alipanda darini kwa Shamsa akateremsha timazi, ule uzi wenye risasi ya kupimia ukuta kama umenyooka. Akavuka akafanya vile vile kwa Mwanatumu. Kisha akashuka njiani, akachuchumaa, akakwangua udongo kwa kidole. Miaka miwili nyuma palichimbwa mtaro wa bomba la maji katikati ya njia ile, karibu mno na misingi, na udongo ukarudishwa ovyo. Tangu hapo mvua ilikuwa ikiushindilia chini kidogo kidogo, na misingi ya pande zote mbili ikiufuata.

Aliwaita dada wale wawili washuke. Akawaonyesha ukuta wa huku na ukuta wa kule, jinsi zote mbili zilivyoinamia njia, kama watu wawili wanaotaka kugongana vichwa. Na katikati yao, kikiwa kimebanwa mpaka lipu inapasuka, kilikuwa kile chumba.

"Mnadhani mnakibeba," akasema. "Hiki ndicho kinachowazuia msianguke. Nikikikata sasa hivi, adhuhuri mtakuwa mnatafuta sufuria zenu kwenye kifusi."

Akauweka msumeno kwenye gunia.

Shamsa aliuliza kama kuna dawa. Iko, alisema fundi, lakini si ya nyumba moja. Msingi wa huku utachimbwa urefu wa mkono mmoja tu, ujazwe mawe na chokaa, uachwe ushike. Kisha mkono mmoja upande wa kule. Upande mmoja usitangulie mwenzake, la sivyo utamvuta. Na ambaye upande wake umechimbwa asilale kwake, yeye na watu wake, bali avuke.

Kazi ile ilichukua miezi minne. Juma moja mume wa Mwanatumu alikoroma sebuleni kwa Shamsa, juma jingine watoto watano walijazana kwa Mwanatumu, wakavunja vikombe viwili na kigoda. Hawakuzunguka njiani kwenye mashimo; walipita juu, ndani ya wikio, na magodoro na mbuzi za nazi na taa zao. Mama yao alihamishwa pamoja nao, huku na huko, akibebwa kwenye kiti na mabinti wake, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwa sababu mtu mmoja hakuweza peke yake. Mwanatumu aliona mwenzake anaamka saa ngapi kuumua unga. Shamsa aliona goti likivimba asubuhi ambayo haikuwa ya zamu ya mtu.

Fundi alipoteremsha timazi mara ya mwisho, kuta hazikuwa zimenyooka. Zilikuwa zimetulia, naye akasema hilo linatosha kwa nyumba inayokaliwa. Akaziba nyufa kwa chokaa, na mama akarudi katikati, kwenye madirisha yake mawili.

Nisiwadanganye kwamba hawakugombana tena. Wanagombana hadi leo, na zamu bado inasahaulika mara moja moja. Ila anayesahau hutumiwa sahani kutoka ng'ambo ya pili bila maneno, na wageni wanaosimama njiani kushangaa chumba kisicho na kiwanja huwasikia wale wawili wakicheka ndani.

Na wewe unayesema leo kwamba umechoka, na umechoka kweli, unayetafuta fundi wa kukukatia huo mzigo: umeshashuka njiani ukatazama ukuta wako umeegemea nini?