Waliochota Maji kwa Siri

Mtu mmoja alikuwa na mashua ya matanga, na ndani ya mashua hiyo aliishi yeye na mkewe. Yeye aliitwa Chande, mkewe Somoe. Walikuwa wamekwisha kulea na kuozesha, nyumba wakamwachia binti yao Tunu, wakaanza safari waliyoiahirisha tangu ujana: kupita bandari hadi bandari, wakikaa panapowapendeza na kuondoka wakitaka.

Siku moja upepo ulilichana tanga lao kubwa, wakaingia Mtwara ili lishonwe. Chande alitaka kazi hiyo tu. Mbele yao kulikuwa na bahari pana ya kwenda Ngazija, ambako chombo kikiharibika njiani hakuna nchi kavu ya kukimbilia, naye alitamani kuivuka kabla hali ya hewa haijageuka. Fundi wa vyombo, aliyeitwa Nalinga, alilipokea tanga akawapa washonaji wake. Kisha akapanda mashuani, akatazama huku na huku kama afanyavyo kwa kila chombo kinachofika kwake, akauliza kila siku wanatoa maji kiasi gani kutoka ngamani, yaani kule chini kabisa.

Chande alisita. Kwa miezi mingi alikuwa akiamka alfajiri, mkewe angali usingizini, akiyachota maji hayo na kuyamwaga baharini taratibu, ndoo isigonge ubao. Alihofu kwamba Somoe akijua ataogopa, na akiogopa ataomba warudi nyumbani. Lakini fundi alikuwa amesimama mbele yake akisubiri, basi akajibu kwamba ni ndoo mbili tatu, asubuhi. Nalinga akasema kwa chombo cha umri ule si neno, mashua zote za mbao huvuja kidogo. Akageuka ashuke.

Somoe alikuwa ameketi mlangoni pa chumba akichambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Baba Tunu," alisema, "na mimi hutoa kama hizo kila alasiri, ukiwa umelala."

Fundi, aliyekwisha kuweka mguu mmoja kwenye ngazi, aliurudisha. Chande alimtazama mkewe. Kwanza alishikwa na hasira, ile ya mtu aliyefichwa jambo. Kisha akakumbuka kwamba na yeye alikuwa akificha. Kila mmoja alikuwa ameona nusu ya maji, akadhani anaona yote.

Maji ya bahari yalipojaa, mashua ilivutwa pwani. Kando ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua, ulikutwa ubao uliooza, laini kiasi kwamba patasi ya fundi iliingia kama kwenye muhogo uliochemka. Nalinga aliwaambia wazi kwamba chombo hicho kisingefika Ngazija. Somoe aliugusa ule ubao kwa kidole, akautoa mkono haraka.

Kazi ilichukua muda mrefu. Tanga lilikuwa la kwanza kurudi, limeshonwa vizuri na kukunjwa, likawekwa kando kwa kuwa halikuwa na pa kwenda. Wao walipewa chumba nyuma ya karakana. Chande alidhani atachoka kwa kungoja, lakini haikuwa hivyo. Kila siku waliketi kwenye kivuli cha mashua yao wenyewe, wakisokota pamba ya kuzibia nyufa, na mikono ikiwa na kazi maneno yaliwatoka kwa urahisi. Yeye alimweleza hofu yake. Somoe naye akamweleza ya kwake: kwamba mumewe akijua kuhusu maji ataiuza mashua, arudi kukaa sebuleni kama ule mwaka alipostaafu, redio ikisema tangu asubuhi hadi jioni naye asiisikilize. Kumbe kila mmoja alikuwa akiilinda safari kwa ajili ya mwenzake. Walicheka hata watu wa karakana wakageuka kuwatazama. Na siku hizo Chande alilala mpaka jua likapanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Mashua iliporudishwa majini, walishuka ngamani wote wawili, wakaweka viganja kwenye ubao mpya. Ulikuwa na unyevu kidogo. Chande akanung'unika kwamba bado unavuja. Somoe akamjibu kwamba utavuja siku zote, ila sasa wanajua wote ni kiasi gani. Wakaondoka na upepo wa asubuhi, wakafika Ngazija salama.

Ndugu zangu, mashua ni nyumba zetu, na tanga ni yale ambayo majirani huyaona, ndiyo maana likichanika tunakimbilia kulishona. Lakini yapo pia maji ya chini. Je, ni nani kati yenu anayeyachota peke yake hata leo, tena kwa mapenzi kabisa, na mwenzake hajui?